Eldoret: Mji wa Namba 64 na Haki ya Jirani wa Kituo



Sisi watu wa pwani tukitaja safari ya bara, aghalabu huwa tunakusudia Nairobi. Safari hii tulivuka Nairobi tukaenda mbali zaidi. Binti wa shangazi yetu amejifungua mtoto wa kwanza mjini Eldoret, na katika ukoo wetu mzazi haachwi peke yake kabla ya arubaini yake. Basi tukafunga mizigo wanawake watatu: leso mpya, tende, habbasoda, bizari ya uji wa mzazi na kipande cha udi kilichofungwa kwenye karatasi. Tulikwenda kulea mzazi. Tuliporudi, tulikuwa na jambo jingine vifuani, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Tulipanda treni Miritini, kwenye kituo ambacho tangu kilipofunguliwa mwaka 2017 kimekuwa mlango wa pwani kwa msafiri wa reli. Nairobi tulilala usiku mmoja, na asubuhi tukachukua matatu ya kwenda Eldoret, safari ya kilomita zipatazo 310. Njia hupita Naivasha na Nakuru, kisha hupanda milima hadi Timboroa, ambako reli ya zamani hufika mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,700. Sisi tuliolelewa kwenye usawa wa maji tuliihisi tofauti hiyo masikioni na mabegani. Hata mabuibui yetu hayakutosha, tukajifunika leso tulizomchukulia mzazi.

Nakuru gari liliposimama ili abiria wale chakula, tuliuliza mahali pa kusali. Kijana mmoja wa kituoni alituonyesha njia, nasi tukatawadha kwa maji ya chupa, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya, tukarudi mbio. Twalitaja jambo hili kwa sababu litarudi mbele ya makala: kituo cha usafiri ni mahali ambapo mtu hana nyumbani, na haja zake zote, za mwili na za ibada, humfuata hapo hapo.

Tuliingia Eldoret jua likikaribia kuzama. Shangazi alikuwa akitungojea kituoni, shela yake imefungwa vizuri kwa ajili ya baridi. "Karibuni wanangu," alituambia, "hapa jua haliwachomi, lakini msije mkasahau kunywa maji." Alituchukua kwa miguu, maana duka lake hutazamana na kituo cha magari, na nyumba yake haiko mbali na hapo.

Mji ulioanza kwa namba

Eldoret ni mji wenye historia ambayo mwanzo wake, kwa namna fulani, ulipitia bandari yetu. Mwaka 1908 kundi kubwa la Makaburu kutoka Afrika Kusini liliteremka Mombasa kwa meli, likapanda treni hadi Nakuru, kisha likaendelea kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi uwanda wa juu wa Uasin Gishu. Ardhi hiyo haikuwa tupu katika historia yake. Wasirikwa waliishi huko kabla, kisha Wamaasai wa Uasin Gishu, kisha Wanandi waliokuwa wakilisha mifugo yao. Lakini serikali ya kikoloni iliigawa kwa ramani na namba. Mwaka 1910 ofisi ya posta ilijengwa kwenye shamba lililoandikwa namba 64, na mji uliochipuka hapo ukaitwa kwa namba hiyo. Wenyeji wengi hadi leo huuita Sisibo, nao ni matamshi ya "sixty-four" yaliyolainishwa na ulimi wa Kikalenjin. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, nalo latokana na neno la Kimaasai kuhusu mto wenye mawe, yaani mto Sosiani unaoukata mji.

Husimuliwa kwamba benki ya kwanza ilipoletwa, kasha zito la chuma lilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, na kwa kuwa hapakuwa na wa kulinyanyua, benki ikajengwa kulizunguka pale pale lilipoangukia. Shangazi alitusimulia kisa hicho akicheka, kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Kasha likianguka, hujengewa nyumba. Mtu akianguka, hutafutiwa njia ya kuondolewa."

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea hadi Uganda, na mwaka 1931 ikaingia Kampala. Pamoja na reli walikuja mafundi, makarani, wachukuzi na wafanyabiashara, Waislamu wakiwa miongoni mwao. Baadhi yao walitoka huku kwetu, wengine walikuwa Wahindi, Wasomali na Wanubi. Ndiyo maana msafiri wa pwani akisikia adhana katika mji huu wa ngano, mahindi na maziwa, asishangae. Nayo hospitali, iliyoanza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo, leo ndiyo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, inayotegemewa na watu wa magharibi yote ya Kenya. Huko ndiko mjukuu wa shangazi alikozaliwa.

Kituo ni kipi?

Ukiuliza kituo mjini Eldoret, waweza kuonyeshwa njia mbili. Kipo kituo cha reli cha zamani, chenye njia nyembamba inayotoka Nakuru kwenda Malaba. Reli mpya, katika mipango yake ya kutoka Naivasha kwenda Kisumu na Malaba, imechorwa kupitia Narok, Bomet na Kericho, wala haipandi Eldoret. Kwa hiyo kituo chenye uhai wa kila siku ni kile cha magari: matatu za Kitale, Kapsabet, Iten, Webuye na Nakuru, mabasi ya usiku ya kwenda Nairobi, na bodaboda wasiohesabika. Hapo ndipo hushuka mgonjwa anayekwenda hospitali, mwanafunzi anayekwenda Chuo Kikuu cha Moi, mkulima mwenye gunia, na mama mwenye mtoto mgongoni.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, ikawa la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Katika sensa ya mwaka 2019 mji ulikuwa na watu 475,716, na yeyote aliyesimama kituoni jioni moja atakubali kwamba hawajapungua. Jiji hutaka majengo, na majengo hutaka kuwa karibu na mahali watu wanaposhuka. Hivyo karibu na kituo, na kando ya barabara ya Uganda, majengo marefu yanazidi kuinuka: maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kuishi juu, na maegesho ya magari chini ya ardhi au nyuma.

Kando ya safu ya maduka alipo shangazi tuliona uzio wa mabati mapya. Juu yake pamebandikwa picha ya jengo la namna hiyo, linalong'aa, lenye miti iliyopandwa kwa mstari na watu wachache wanaotembea wakiwa wamevaa suti. Tuliitazama picha ile kwa muda mrefu. Hatukumwona ndani yake mama muuza chai, wala mchukuzi, wala mwanamke aliyejifunika, wala mtoto.

Shangazi ana duka la nguo na vitu vya kina mama katika safu ile kwa miaka mingi. Huuza mabuibui, leso, mafuta ya nywele, udi, na mwezi wa Ramadhani tende. Wiki mbili kabla ya sisi kufika, mwenye majengo alimpelekea ujumbe wa simu, kama alivyowapelekea wapangaji wenzake: mwisho wa mwezi waondoke, safu yote itabomolewa, mradi wa jirani unapanuliwa. Hakuna barua, hakuna mkutano. Shangazi hana mkataba wa maandishi. Ana risiti za kodi alizozihifadhi kwenye mkebe wa biskuti, na ana wateja wanaomjua kwa jina.

Mazungumzo ya jioni

Jioni ya tatu walikuja majirani kumpongeza mzazi. Nyumba ya shangazi ni ya zamani, yenye ua wa ndani, na wanawake walikaa kwenye majamvi ua mzima. Walikuwemo Waislamu na Wakristo, Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wasomali. Mmoja alileta mursik katika kibuyu, mwingine mahamri aliyojifunza kupika kwa shangazi. Baada ya kumbusu mtoto, mazungumzo yakahamia kwenye mabati.

Hofu zao hazikuwa za watu wanaochukia maendeleo. Muuza mboga alisema kwamba wateja wake ni wale wanaoshuka garini wakielekea nyumbani, na akihamishiwa soko la mbali, hakuna atakayepanda gari la pili kwa ajili ya fungu la sukuma wiki. Mwalimu mmoja aliuliza kuhusu maji na maji taka, maana nyumba mia zikiongezwa mahali palipokuwa na maduka kumi, mabomba yale yale ya zamani yatabeba mzigo wa nani, na yakipasuka, uchafu hautakwenda kwingine ila Sosiani. Sehemu kubwa ya maji ya Eldoret hutoka bwawa la Chebara, katika kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet, na mitaa kadhaa tayari hukaa siku bila maji.

Msichana anayefanya kazi ya zamu hospitalini alisema yeye angefurahi kupata nyumba karibu na kituo, kwa kuwa kurudi usiku ni hatari. Lakini aliongeza kwamba jengo la jinsi hiyo alilowahi kupanga lilikuwa na baa ghorofa ya chini, ngazi zisizo na taa, na mlango mmoja unaotumiwa na walevi na watoto wa shule. Mwenye madrasa ya watoto aliogopa hayo hayo: mtoto anayetoka darasani baada ya Maghrib apite wapi?

Kisha mzazi mwenyewe, aliyekuwa kimya akimnyonyesha mwanawe, aliinua macho juu ya ukuta wa ua. Upande wa mashariki jengo la ghorofa saba limekwisha kuinuka, na madirisha yake yote yanatazama chini. "Zamani nilikuwa nikikaa hapa kichwa wazi," alisema. "Sasa nikitaka kuota jua na mtoto, lazima nijifunike kama niko sokoni." Wanawake walinyamaza. Yule jirani Mkristo aliyeleta mursik alisema, "Hata mimi sifui tena nguo zangu uani."

Tuliona wakati ule kwamba jambo hili si la duka moja tu. Ardhi katika sehemu hizi za nchi ni jambo zito. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa Eldoret ulijaa maelfu ya familia zilizokimbia makazi yao. Wanawake waliokuwa uani usiku ule, wa makabila yale yote, wanaikumbuka miezi hiyo. Wakisikia neno "ondokeni", hawalisikii kama sisi tunavyolisikia. Kwa hiyo mradi wowote mkubwa katika mji kama huu, ukiendeshwa kwa siri au kwa haraka, huamsha yaliyolala.

Wema wa jambo na ubaya wake

Insafu yatutaka tuseme pande zote mbili. Mji unaokua wahitaji nyumba, na nyumba zikijengwa karibu na kituo, mtu huokoa nauli na muda. Mwanamke anayefika kwa basi la usiku ni salama zaidi katika mtaa wenye watu na taa kuliko katika uwanja uliofungwa. Ndugu wa mgonjwa aliyelazwa huhitaji chumba cha bei nafuu kwa siku tatu. Jengo lenye maduka chini na nyumba juu si jambo geni hata kwetu: katika Mji wa Kale wa Mombasa babu zetu waliuza chini na kulala juu.

Lakini tofauti ipo. Katika miji yetu ya kale, kama Lamu ambayo mwaka 2001 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, nyumba zilijengwa zikibanana bila ya kuvunjiana sitara. Daka na baraza zilimpokea mgeni nje, na ua wa ndani uliachiwa wenyewe. Jirani mmoja alipotaka kuongeza ghorofa, alijua kwamba dirisha lake lina haki ya mwenziwe ndani yake. Wanazuoni wa fiqhi waliandika mengi kuhusu ukuta wa pamoja, mfereji wa maji, kivuli na dirisha linalotazama uani, kwa msingi mmoja: mali ni yako, lakini usiitumie kumdhuru jirani. Mafunzo ya dini yetu kuhusu jirani hayakumbagua asiye Mwislamu, na ndiyo maana malalamiko ya mzazi wetu na ya yule mama wa mursik ni lalamiko moja.

Tukirudi katika zama zetu, Eldoret si ya kwanza. Nairobi, eneo la kituo kikuu cha reli limepangiwa kuwa mji ndani ya jiji, mradi wa ekari 425 uliozinduliwa Desemba 2022. Karibu na hapo pana Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli tangu ukoloni. Mwaka 2010 mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, uliokuwa umemilikishwa mtaa huo, uliwapa wapangaji notisi wahame ili pajengwe majengo mapya ya biashara na makazi, na ubomoaji ukaanza, vyoo na bafu vikiwemo. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba haki zao, pamoja na ile ya makazi yanayofaa iliyomo katika kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010, zilikuwa zimevunjwa, na ikaagiza serikali ieleze hatua zake za kuweka sheria na sera kuhusu kuhamisha watu. Mahakama haikusema kwamba mwenye ardhi hawezi kujenga kamwe. Ilisema kwamba mtu hahamishwi kama takataka.

Na huku kwetu, nani asiyeijua Buxton? Nyumba za zamani za kaunti zilibomolewa na ghorofa mpya zikainuka mahali pake. Kabla ya hapo palikuwa na kesi, maandamano na maswali marefu: nani atarudi, kwa bei gani, na mzee aliyeishi hapo tangu ujana atalipa kwa nini? Baadhi ya familia za wasomaji wetu zina majibu yao wenyewe kwa maswali hayo. Tunaikumbusha ili tusimtazame shangazi wa Eldoret kama mtu wa mbali.

Yale ambayo sheria inasema

Katika mkutano ule wa uani alikuwepo binti mmoja anayesomea sheria, naye alitufungulia mlango ambao wengi wetu hatukuujua. Tunayaandika hapa kwa sababu yanawahusu kina mama wenye maduka kuanzia Vanga hadi Kiunga.

Kwanza, iko sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula, Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, amelindwa. Hawezi kuondolewa kwa ujumbe wa simu. Notisi yapaswa kuwa ya maandishi, kwa fomu iliyowekwa na sheria, itaje sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu kupokewa. Kubomoa na kujenga upya ni sababu inayotambuliwa, kwa hiyo sheria haimfungi mwenye mali milele. Lakini mpangaji asiyekubali ana haki ya kupeleka shauri lake mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Risiti za kodi ni ushahidi. Shangazi aliposikia hivyo, aliinuka akaenda kuufuata mkebe wake wa biskuti.

Pili, Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 yamtaka anayetaka kujenga aombe ruhusa ya kaunti, na umma uarifiwe ili wenye pingamizi waziwasilishe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda kwenye kamati ya rufaa ya mipango ya kaunti. Majengo makubwa huhitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira inayosimamiwa na NEMA, na hapo nako wananchi hualikwa kutoa maoni. Maswali ya maji taka, kivuli, kelele na njia ya watoto yanafaa kuulizwa hapo, kabla ya msingi kuchimbwa.

Tatu, Katiba yenyewe, katika kifungu cha 10, imeweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa, na kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sisi Waislamu twalijua jambo hili kwa jina la shura. Lakini shura haifanyiki kwa niaba ya mtu aliyekaa kimya nyumbani. Mikutano hii mara nyingi hufanyika asubuhi ya siku ya kazi, katika ukumbi ambao kina mama hawaukaribii, na tangazo hubandikwa mahali wasipopita. Matokeo yake ni kwamba orodha ya waliohudhuria hujaa majina ya wanaume, na jengo hutoka bila ya choo cha wanawake, bila ya mahali pa kutawadha, bila ya taa kwenye ngazi.

Barua ya uani

Usiku ule ule barua iliandikwa. Binti wa sheria alishika kalamu, kina mama wakasema. Hawakuandika kwamba jengo lisijengwe. Waliomba mambo yanayohesabika. Notisi ya sheria ifuatwe. Wenye maduka wa sasa wapewe nafasi ya kwanza ya kupanga katika maduka mapya, kwa kodi ambayo muuza leso ataiweza. Wauza mboga na chai wapangiwe mahali kwenye njia ya abiria, si nyuma ya jengo. Madirisha ya chini yanayotazama nyua za watu yawe ya juu ya kichwa au yawe na kizuizi. Baa isiwekwe chini ya nyumba za familia wala mkabala wa madrasa. Viwepo vyoo vya wanawake, maji, na chumba kidogo cha sala ambacho msafiri wa dini yoyote anaweza kupumzikia. Mpango wa maji taka uonyeshwe kwa wakazi.

Walitia sahihi wanawake kumi na tisa. Wawili wasiojua kuandika waliweka alama ya dole gumba. Shangazi alitia sahihi ya mwisho, akaandika chini ya jina lake namba ya duka. Kisha akaifuta ile namba. "Wajue jina kwanza," alisema.

Nakala zilipelekwa kwa mwenye majengo, kwa ofisi ya mipango na kwa mwakilishi wa wadi. Tulipoondoka, mwenye majengo alikuwa amekubali kukutana na wapangaji, ila siku haijapangwa. Ofisi iligonga muhuri wa kupokea, na nakala hiyo sasa imo katika mkebe wa biskuti pamoja na risiti. Mwisho wa mwezi ule ulipita, na duka lilikuwa bado wazi. Hatuwezi kuwaambia zaidi ya hapo, maana mambo bado yanaendelea.

Asubuhi ya safari tulimwacha mzazi akiwa uani, ameketi pembeni mahali ambapo shangazi ametundika leso mbili kubwa kwenye kamba, zimzuie na macho ya madirisha ya ghorofa. Jua la Eldoret lilipenya kati ya leso na ukuta, likamfikia mtoto miguuni.

Wasomaji wetu, pengine nanyi mna mabati mapya karibu na duka lenu au msikiti wenu, Likoni, Mtwapa, Malindi au Voi. Yasomeni matangazo yaliyobandikwa juu yake. Hifadhini risiti. Nendeni kwenye mikutano, na mkienda, chukuaneni wawili wawili na majirani zenu wote, wa dini zote. Na yule katika nyinyi mwenye kiwanja anayetaka kujenga, na wapo wengi kwetu, aanze kwa kugonga mlango wa jirani na kumuuliza dirisha alielekeze wapi.

Tunamuomba Allah amkuze mtoto katika afya na taa, amrahisishie mzazi arubaini yake, amlinde shangazi na wenzake katika riziki yao, na auunganishe mji wa Eldoret katika amani. Amin.